Ombi la Kuwasamehe Waume Mboga za Kuzuia Saratani ya Matiti

Kwa Dada Muuguzi, Msimamizi wa Kliniki,

Nakuandikia kwa heshima zote, tumbo likiwa limejaa maharage. Tangu mke wangu ahudhurie somo lako la chakula na saratani ya matiti, nyumbani hapakaliki. Sababu anayo: dada yake alikatwa titi mwaka jana, na tangu hapo hana usingizi wa kueleweka. Sibishani na hofu yake. Nabishana na sahani yangu.

1. Ugonjwa ni wa wanawake, adhabu imegawiwa nyumba nzima. Mchicha, karoti, unga usiokobolewa. Nyama siku hizi hupita mezani kama mkaguzi: akionekana leo, msahau.

2. Kwenye karakana ninakochomelea mageti, wenzangu wananiwahi kufungua chombo cha chakula. "Fundi, leo shemeji kakufungia bustani gani?" Sasa naitwa Mzee Sungura, tena mbele ya wateja.

3. Ulifundisha kwamba pombe huongeza hatari. Mke wangu hajaonja pombe tangu azaliwe. Ili naye awe na kitu cha kuacha, ameacha bia yangu.

4. Baada ya yote hayo, ukamwambia chakula bora hupunguza hatari tu, hakiiondoi, kwa hiyo bado aje kupimwa. Dada, mimi nikishafunga geti simwambii mteja alale mlangoni kulilinda. Mchicha ukifanya kazi, asije. Usipofanya, nirudishiwe nyama.

Hivyo naomba cheti chenye mhuri, kitamke kwamba wanaume, kwa kuwa hawana cha kuugua hapo kifuani, wamesamehewa mboga. Nitakibandika jikoni, usawa wa macho ya mke wangu.

Wasalimie daktari, mfamasia, na mama wa usafi anayetufokea tukikanyaga sakafu mbichi.

Wako niliyeshiba bila kuridhika,
Mume wa yule mama wa maswali mengi

Nyongeza: Mke wangu ameisoma barua kabla sijafunga bahasha. Hakugomba. Aliweka kidole kifuani pangu, nyuma ya chuchu, penye kijivimbe kigumu ninachosema siku zote kuwa ni cheche iliyoniunguza. "Baba, hata hili tulifundishwa," akasema. "Wanaume nao huugua, ila wachache." Cheti usikiandike kwanza. Jumatatu tunakuja wote wawili, apimwe yeye, nipimwe na mimi. Naomba tu unielekeze mapema: mwanamume hukaa benchi lipi?