Meja Garside na Paa la Marlock

Cyril Blott alikuwa anapita tu katika mji wa Marlock, mvua ya Novemba ikimlowesha mpaka soksi, alipoliona tangazo kwenye ubao wa baraza la mji. Lilisema kampuni iliyojenga nyumba tisini kwenye shamba la zamani la kabichi imetoa pauni elfu arobaini kwa mradi wa jamii, kama kibali chake cha ujenzi kilivyoiamuru. Vikundi vya wananchi vilete maombi. Fedha isiyotumika ifikapo mwisho wa Machi mwakani itarudi kwa mjenzi. Karatasi yenyewe ilikuwa na umri wa miaka mitano na ilishafubaa.

Cyril alilisoma mara mbili, kisha akavua kofia. Fedha inayokufa bila ndugu wa kuizika ilimtia simanzi kubwa.

"Maskini wewe," akaiambia. "Ngoja nije."

Jumatano iliyofuata aliingia mjini akiwa Meja Lionel Garside, mstaafu, mwenye tai ya mistari na sharubu zilizochanwa zikalala. Jeshi lolote hakuwahi kulitumikia, isipokuwa ile mara moja alipowauzia askari viatu mia mbili, vyote vya mguu wa kushoto.

Ofisi ya baraza ilikuwa pembeni mwa ukumbi wa mji, na ukumbi ulikuwa unavuja. Ndoo zilipangwa sakafuni, na katikati ya ndoo hizo wazee kama thelathini walikuwa wakila pai ya nyama ya kusaga na viazi. Bi kizee mmoja alikula chini ya mwavuli, bila haraka, kama mtu aliyezoea. Karani wa baraza, Bi Winifred Tapp, mama mfupi mwenye miwani ya kamba, alimpakulia Meja sahani kabla hajajieleza.

Akamweleza bila kuulizwa kwamba kampuni ya bima imesema paa lisipotengenezwa kufikia Aprili, ukumbi unafungwa. Wazee hawa hawana pengine pa kukutana. Watabaki kula peke yao majumbani, wakitazamana na ukuta.

"Na zile elfu arobaini?" Meja akauliza, sauti ya upole.

"Kanuni inataka kikundi kiweke kwanza elfu nne zake mwenyewe, kuonyesha kwamba hakifanyi mchezo. Tumeuza keki miaka mitano, Meja. Tuna mia tatu na kumi na mbili."

Cyril alihisi kitu kikimsokota kifuani. Akakitambua kuwa ni huruma, akaomba pai nyingine, kikapita.

Basi akaanzisha kikundi, Marafiki wa Marlock, na mradi wake: Bustani ya Harufu, kwa ajili ya watu wenye macho dhaifu. Mchoro aliukata kwenye katalogi ya mbegu, na karani alipotaka namba ya simu ya mchoraji akampa ya kwanza iliyomjia kichwani. Katiba aliiandika kwa mkono wake, na hapo ndipo alipojisifu peke yake mbele ya kioo. Lengo la kikundi, aliandika, ni "kuboresha mahali popote pa jamii kwa namna wanachama watakavyoona inafaa." Popote! Hakimu gani angeweza kumuuliza bustani iko wapi? Baraza lilidai uanachama uwe wazi, naye akauweka wazi: mkazi yeyote, kiingilio pauni moja. Nani angejisumbua?

Mwenyekiti wa baraza, Diwani Piers Allardyce, alikuwa mtu wa kupenda jina lake liandikwe mahali. Meja akamwahidi lango la bustani lenye herufi za shaba, na ombi likapita kabla chai haijapoa.

Zilibaki elfu nne. Cyril alikuwa nazo, na zilikuwa zote alizokuwa nazo duniani. Alizibana kwa miaka kumi na moja akiapa kwamba hazigusi mpaka uzeeni. Aliziweka kwenye akaunti ya kikundi, na usiku ule hakulala. Benki nayo ilitaka saini mbili kwenye kila hundi, yaani ya mwenyekiti, ambaye ni yeye mwenyewe, na ya mweka hazina.

"Mweka hazina mchukue Bi Enid Sowerby," Winifred akamshauri, akimwonyesha yule bi kizee wa mwavuli. "Ana miaka themanini na minne. Macho yamemwishia, masikini. Ukimpa karatasi anasaini tu."

Meja nusura ambusu karani. Siku ileile Bi Enid alimsainia hundi tupu, huku akimuuliza kama ile ni kadi ya Krismasi.

Fedha ya baraza iliingia Februari. Kabla ya kuitoa, benki ilihitaji kitu kimoja: kumbukumbu za mkutano mkuu wa kwanza, kuthibitisha viongozi. Kule jambo lisiloandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano halijatokea, hata kama ni mazishi. Cyril akapanga mkutano Jumatano saa nane mchana, wazee wakiwa wameshiba na kwenda kulala. Tangazo alilibandika ubaoni kama sheria inavyotaka, nyuma ya picha ya paka aliyepotea. Tiketi ya treni ya saa tisa na nusu ilikuwa mfukoni, pamoja na hundi.

Saa nane ilipofika, hakuna mzee aliyeinuka. Walisogeza sahani kando, wakatazama mbele. Winifred akapitisha kopo la biskuti, na kila mmoja akatumbukiza pauni moja. Wanachama wapya thelathini na mmoja.

Uchaguzi ulichukua dakika nne. Bi Enid alipendekezwa kuwa mwenyekiti, na mikono ikapanda yote isipokuwa mmoja; hundi iliyokuwa mfukoni mwa Cyril sasa haikuwa na saini ya mwenyekiti. Akasimama, hana miwani, akaisoma katiba ya Meja mpaka yale maandishi madogo ya chini, akasema wanachama wameona inafaa kuboresha paa. Diwani Allardyce, aliyekuja kusikiliza habari za lango lake, akaahidiwa mlango wa ukumbi wenye herufi zilezile, akaafiki.

"Bi Enid," Cyril akasema, "nilidhani macho yako..."

"Yanachagua, mwanangu."

Cyril akageuka kwa Winifred, akanong'ona kwamba mle ndani ya akaunti kuna elfu nne zake, za uzee wake. Safari hii hakuwa anaigiza.

"Najua," Winifred akasema. "Ukitaka tumwite polisi achukue maelezo, nitamwita. Ataanza kwa kukuuliza ulikuwa kikosi gani."

Kumbukumbu zilihitaji saini ya mwenyekiti anayeondoka. Cyril akasaini. Wakampigia makofi, wakampa kipande cha pai kwenye karatasi ale njiani, naye akalia kwenye treni mpaka kituo cha tatu.

Oktoba mvua ilimkuta tena karibu na Marlock. Alijiambia anapita tu. Ukumbi ulikuwa na vigae vipya, na ukutani kibao cha shaba: "Paa hili ni zawadi ya Meja Lionel Garside na Marafiki wa Marlock." Cyril alikasirika. Kisha akajikuta amejaa fahari. Halafu ikamuuma, maana jambo jema la pekee alilowahi kufanya lilifanywa na mtu asiyekuwapo.

Akaingia. Ndoo hakuna, mwavuli wa Bi Enid umetundikwa ukutani, mkavu.

"Kaa, Bwana Blott," Winifred akasema, akimpakulia. "Nikuongezee mchuzi?"

Jina hilo hakuwahi kulitaja Marlock. "Umenijua lini?"

"Siku uliponipa namba ya mchoraji wako wa ramani. Nilipiga, akapokea muuza samaki. Akasema kama ni Cyril Blott tena, zile fedha za samaki bado anazingoja."

Cyril akala. Mvua ilipiga vigae kwa nguvu, na hapakudondoka tone. Winifred akaketi mbele yake, akasema mjenzi mwingine anainua nyumba sitini ng'ambo ya mto, mchango wake utafika mwakani, na ukumbi hauna choo cha maana. Inatakiwa katiba nzuri. Katiba kama ile hawajaiona tena.

Cyril akaweka uma chini.

"Sawa," akasema. "Ila hicho choo mkiandike kwa jina langu mwenyewe."