Ampli Yangu Inakufa Kila Jumapili

Kwa Mchungaji Osée,
Kanisani kwetu, Kikula, Likasi.

Mchungaji wangu mpendwa,

Ninakuandikia kwa heshima yote iliyonibakia baada ya aibu ya Jumapili. Unanijua: miye Parfait, mwenye motokari ya Noah nyeupe iliyoandikwa nyuma "Asante Mama Mkwe". Mimi si mtu wa kulalamika ovyo. Nimefika Kasumbalesa mara nne na Ndola mara mbili. Nimesoma hadi mwaka wa pili wa sekondari, na sikuacha masomo: walimu ndio walioishiwa. Kwa hiyo nikisema kwamba ampli yangu, ile mashine inayoongeza nguvu ya muziki kwenye motokari, ina ugomvi na kanisa lako, ujue nimepima.

Jumamosi ya wiki ijayo shemeji yangu Noëlla anaolewa, na motokari yangu imechaguliwa kuongoza msafara wa arusi. Lakini familia imeamua: muziki ukikatika tena Jumapili hii, Hervé ataongoza. Hervé, Mchungaji! Yule ambaye redio ya motokari yake inalia kama nyuki ndani ya chupa. Nimpishe huyo barabara mbele ya Likasi nzima?

Malalamiko yangu ni haya.

1. Ampli inazimika Jumapili tu. Siku nyingine inapiga mpaka madirisha ya majirani yanacheza. Nimeipeleka hadi Kakanda, kwenye barabara ya malori ya madini, yenye mashimo ya kumeza mbuzi na kamba yake, wala haikukohoa. Ila tangu mama mkwe atoke Kapolowe kuja kukaa kwetu, ninampeleka ibadani kila Jumapili kwa rumba ya nguvu, ajue binti yake hakuolewa na mwanaume baridi. Mke wangu Mélanie anakaa mbele, mama yake nyuma. Tukifika kwenye reli, pale ninapoongeza sauti ili watu wajue tumepita, kimya!

2. Fundi Michée amekagua yote. Fyuzi ni nzima. Betri ni mpya. Waya unaofungwa kwenye chuma cha motokari ameukwangulia rangi na kuukaza upya. Ampli ikizidiwa na joto, taa yake nyekundu huwaka. Jumapili hata taa haiwaki. Inanyamaza ghafla, kama mtoto aliyefinywa. Halafu tukishashuka mbele ya kanisa, nikiijaribu, inafufuka. Ufufuo, Mchungaji, mlangoni pako! Nimshuku nani mwingine?

3. Siwezi kuichunguza papo hapo inapokufa. Iko chini ya kiti changu, na waya zake zinatokea nyuma, miguuni pa mama mkwe. Unajua ukwe wa kwetu: mume wa binti hamtazami mama mkwe, hamsemeshi, wala yeye hamsemeshi. Na mimi katika heshima hakuna wa kunishinda. Hata kioo cha kati nimekigeuza kitazame juu. Magari ya nyuma ninayatambua kwa honi zao. Sasa nigeuke, niiname miguuni pake kutafuta waya? Heri niendeshe motokari bubu.

4. Kwa hiyo kosa ni la siku. Mungu alipumzika siku ya saba, sawa, lakini alikuwa amemaliza kazi. Ampli yangu inapumzika wimbo ukiwa katikati. Jumanne haijawahi kuzimika hata mara moja. Ninaomba, kwa unyenyekevu, ibada ihamie Jumanne.

5. Kama wazee wa kanisa watakataa, basi Mama Bibiane na kwaya yake wapunguze vipaza sauti. Ninahisi vinavuta nguvu ya mashine yangu hewani. Sitaki kutaja wivu. Nimeshautaja.

Msalimie Mama Mchungaji, wazee wote, wanakwaya wa sauti ya kwanza, na mlinzi wa kanisa pamoja na mbwa wake. Hata Hervé msalimie, ila kwa mbali.

Wako katika Bwana na katika besi,

Parfait Kabulo

P.S. Barua hii ilikuwa bado mfukoni Jumapili ilipofika. Michée alipanda nyuma, kando ya mama mkwe. Yeye si mkwe, ana ruhusa ya kuona. Kwenye reli akaona. Mama alivua kiatu, akabana waya mwembamba wa buluu, ule unaoiwasha ampli, kwa vidole vya mguu, akauchomoa, akafumba macho na kuanza wimbo wa ibada polepole. Mbele ya kanisa akaurudisha kwa mkono, vizuri kabisa. Masikio yanamuuma, Mchungaji, na ukwe unamkataza kuniambia. Nikamuuliza Mélanie kwa nini yeye hakusema. Akanijibu: "Nilikuambia mara tatu, Parfait. Kila mara weye unajibu: Unasema nini? Siko nasikia, muziki iko juu!"

Basi Jumapili ibaki mahali pake, na kwaya iimbe. Hervé ataongoza msafara na nyuki wake. Mimi nitafuata nyuma kabisa, pamoja na mama mkwe. Sijamwambia neno, ukwe ni ukwe. Ila nimemwomba Michée amfungie swichi nzuri pale chini, pana kama kiganja, asiendelee kuumiza vidole.