Fundi Cherehani na Fonti Kumi na Tisa

Bingwa alimwona yule mama angali mlangoni mwa duka la kuchapa, amekumbatia bahasha ya kaki, hereni za dhahabu zikining'inia, akajua huyu ni wa kunyolewa bila maji.

"Karibu, mama yangu. Wasifu wa kazi huo?"

"Ndiyo, mwanangu. Mimi fundi cherehani. Viwanda vya sare vinaajiri, mwisho leo saa kumi. Nikikosa, nimekwisha."

Bingwa alivua miwani yake isiyo na vioo, akaipangusa. Kompyuta alikuwa ameikodi kwa mwenye duka, na kila karatasi iliyotoka ilikuwa juu yake kuilipia.

"Mama, mabosi hawasomi maneno. Wanatazama fonti, yaani sura ya herufi. Ukikosea fonti, hata uwe umewashonea malaika, unatupwa kapuni."

"Haa! Sasa inayofaa ni ipi?"

"Hiyo ni siri yangu. Bei yake hizo hereni."

Mama akazigusa. "Sawa. Ila kwetu mteja hujaribu kwanza. Ikimkaa, ndipo analipa."

Bingwa, udenda ukimtoka, akachapa. Fonti ya kwanza akaibatiza Mkurugenzi.

"Inabana kwapani," mama alisema.

Akachapa Meneja Mkuu.

"Inapwaya."

Ya tatu ilikuwa na mikia mikia.

"Pindo limefumuka hili, baba."

Mashine ikawa moto kama pasi. Zikafika karatasi kumi na tisa, kila moja na jina la mama, ujuzi wake na namba yake ya simu.

"Hapa imo yangu," mama alisema. "Lakini fundi hachagui kitambaa chini ya taa, taa inadanganya. Ngoja nizitazame juani."

Akatoka nazo. Bingwa akabaki anawaza ampelekee sonara gani zile hereni. Muda ulipopita akachungulia nje, mama hayupo.

"Amezigawa zote," alisema mwenye duka, aliyekuwa dirishani muda wote. "Geti kwa geti, mtaa mzima wa viwanda. Karatasi kumi na tisa, Bingwa. Unalipa au unaacha viatu?"

Bingwa akainama kufungua kamba. "Kuna waliompokea?"

"Kiwanda cha tatu, hicho kinachotazamana nasi. Wamemkalisha kwenye cherehani, anashona kola ya majaribio."

"Wamependa fonti gani?"

"Sijui. Karatasi anayo mlinzi, anajipepea."