Kilo Mbili na Nusu za Umeme

Jumatatu, 6 Mei 2002

Kompyuta imekufa. Saa tatu asubuhi, feni kimya, skrini nyeusi, na mimi katikati ya kuchapa kadi za harusi za mteja. Fundi Yordani kaja na bisibisi yake, kanusa nyuma ya mashine, kasema ni pawasaplai: lile kasha la bati linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani. Likipatikana lingine, mashine itaamka. Basi! Nilidhani msiba, kumbe ni kununua kitu tu. Kununua ndiyo kazi yangu.

Mchana kaja Mwalimu Mwaija, mkuu wa sekondari. Ana mitihani ya majaribio ya kidato cha nne, masomo saba, anaitaka Ijumaa saa sita mchana. Nikiiweza, kazi zote za shule kwa mwaka mzima ni zangu. Nikishindwa, zinakwenda kwa Awadhi, ng'ambo ya barabara, na taipureta yake iliyong'oka herufi. Nikamwambia asiwe na shaka. Skrini nilikuwa nimeifunika kwa khanga.

Awadhi kanisalimia kwa upole mno leo. Amesikia.

Jumanne, 7 Mei

Yordani ana pawasaplai moja ya mtumba, kaitoa kwenye mashine ya ofisi fulani Tanga. Wati mia mbili hamsini. Kasema inanitosha kabisa, na ameiwasha wiki nzima bila matata. Kisha kanihubiria: lebo isome lakini usiiamini peke yake, uliza kitu kimetoka wapi, kiwashwe mbele yako kikiwa kimebeba mzigo. Nimemsikiliza kwa heshima. Fundi mzuri. Lakini mimi nimekuwa dalali wa mnada wa ng'ombe Handeni miaka kumi na moja. Kule hakuna lebo. Kuna jicho, mkono na mizani.

Ya Yordani nikaining'iniza kwenye mizani yangu. Kilo moja na robo. Mgonjwa huyo! Nikachukua mizani, nikaenda dukani kwa Laurenti, karibu na stendi. Anayo mpya, lebo wati mia tano. Kilo mbili na nusu! Ikawashwa tupu, nikaweka shavu kwenye feni: pumzi nzuri. Nikaipiga kofi ubavuni: imeshiba. Laurenti kasema hajawahi kupata mteja anayejua mambo namna hii. Nami naamini.

Zamda, mke wangu, kauliza mbona nzito hivyo. Nikamwambia huo ndio umeme wenyewe.

Jumatano, 8 Mei

Imewaka! Jiografia imekwisha kabla ya chai, Kiswahili kabla ya adhuhuri. Nimeacha mlango wazi ili Awadhi aisikie feni.

Mchana kanipitia Mzee Lekishon, mteja wangu wa zamani mnadani, kaja na basi la Handeni. Nikampa shikamoo, nikafungua mashine, nikamwonyesha kasha. Kaligusa, kauliza lilinyweshwa maji saa ngapi. Nimecheka sana. Bado analikumbuka dume nililomuuzia mwaka tisini na nne. Jioni nililirambisha chumvi, asubuhi likanywa madebe matatu, likapanda mizani watu wakapiga makofi. Halafu likakojoa njia nzima mpaka Sindeni. Wazee wana kinyongo.

Jioni kulikuwa na harufu ya kuungua, kidogo tu. Ni upya wake.

Alhamisi, 9 Mei

Saa nne, nikiwa katikati ya Baiolojia, paa! Moshi! Zamda kachomoa waya ukutani huku akimwita mama yake. Yordani kaja mbio, kafungua kasha. Ndani: viwaya vyembamba, feni, na tofali la saruji lililogandishwa kwenye bati. Zamda kakaa sakafuni kwa kicheko. Kasema dume limekojoa.

Iliniuma, sifichi. Nilikwenda kusimama nyuma ya nyumba mpaka uso ukarudi mahali pake.

Yordani kasema mashine yenyewe imenusurika. Ile yake ya mtumba anaifunga sasa hivi, malipo baadaye, nikichapa mpaka jioni na kesho asubuhi nitamaliza. Nikamwambia angoje, haki kwanza. Nikabeba kasha na mizani hadi kwa Laurenti. Hakukana! Kasema mimi nilinunua uzito, na uzito upo. Tukapima tena mbele ya watu. Upo. Kilo mbili na nusu, haujapungua hata kidogo. Tulibishana mpaka magharibi. Niliporudi, Yordani alikuwa amekwenda Mnyuzi kumzika shangazi yake, na duka lake amelifunga.

Ijumaa, 10 Mei

Mwalimu Mwaija kafika saa sita kamili. Nikampa Jiografia na Kiswahili, kifua mbele. Kauliza yako wapi matano mengine. Nikamweleza habari ya saruji tangu mwanzo. Kasikiliza mpaka mwisho, kashukuru, kavuka barabara. Awadhi kapewa mpaka Jumatatu. Mpaka Jumatatu! Taipureta inalia tangu hapo. Nimefunga mlango na bado naisikia. Nitaisikia mwaka mzima.

Jumapili, 12 Mei

Yordani karudi. Nimempa pole, nimemwambia nipo tayari kuichukua ile ya mtumba. Ameshaiuza. Kwa Awadhi! Kwa fedha ya shule Awadhi ananunua kompyuta, na alimuuliza Yordani maswali yote: imetoka wapi, imewashwa siku ngapi, mzigo gani. Maswali mengi, kilo moja na robo. Nimemwonea huruma.

Nikapanda basi hadi Kabuku. Pale barabarani kuna mtu anauza vyombo vya umeme, hamjui Laurenti hata kwa jina, nimemuuliza. Safari hii sikwenda kijinga. Pawasaplai nimeitikisa: hakuna kinachogonga. Nimechungulia matunduni kwa tochi: saruji hakuna, hata punje. Ni chuma kitupu, kimejaa mpaka pembeni.

Kilo tatu na robo! Jumatatu Awadhi atajua mimi ni nani.