Uzinduzi wa Chupa Kumi na Mbili za Perrine

Mheshimiwa Meya wa Chaumesnil, ambaye mkanda wako wa rangi tatu haujavuliwa tangu ulipofungisha ndoa hii saa nane na robo mchana, Padri Ambroise, Mheshimiwa Mkuu Mstaafu wa Idara ya Maji ya Wilaya, bosi wangu wa miaka kumi na tisa, ambaye hata leo nikikuona najikuta nafunga vifungo vya koti, Bwana Gaspard Thévenoux, baba wa bwana harusi, mkulima wa mizabibu, mwana wa mkulima wa mizabibu, mjukuu wa mkulima wa mizabibu, Bibi Thévenoux, bwana harusi Corentin, bibi harusi Perrine, binti yangu wa pekee, mke wangu Odile, ambaye namwomba asiniangalie hivyo, wajomba, mashangazi, majirani, na wewe bwana uliyesimama karibu na jibini, ambaye hakuna aliyeweza kunithibitishia umealikwa na upande gani (kicheko), kama kuna niliyemruka, ajitaje mwenyewe kimoyomoyo kisha ajipigie makofi.

(Makofi machache. Glasi themanini ziko mezani, tupu.)

Mimi, Aubin Charreyron, Naibu Msimamizi Mstaafu wa Usambazaji wa Maji Safi, na kwa miaka thelathini iliyopita Mwenyekiti, Katibu na mjumbe pekee wa Kamati ya Kudumu ya Ghala la Chini ya Nyumba Yangu, nina heshima kubwa isiyo na kifani kusimama mbele ya hadhara hii tukufu ili kutoa taarifa ya utekelezaji, kwa kipindi cha kuanzia tarehe 17 Novemba 1994 hadi leo Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, ya mradi ambao wadau wote mliopo hapa mmeusubiri kwa hamu.

(Bwana Thévenoux: "Fungua chupa, mkwe! Tumekauka!")

Hoja ya mheshimiwa mkwe imepokelewa na itashughulikiwa kwa mujibu wa ratiba.

("Ratiba ya nani?")

Ya Kamati. Nimekwisha kusema mjumbe ni mmoja. (Kicheko.)

Waheshimiwa, hakuna asiyeijua desturi ya kijiji hiki. Mtoto akizaliwa, baba yake huweka chini mvinyo wa mwaka huo. Siku ya harusi, glasi ya kwanza hutoka upande wa bibi harusi, na kabla haijanywewa hakuna mtu anayegusa chupa nyingine yoyote, awe meya, awe padri. Kwa hiyo naelewa kwa nini mnaniangalia namna hiyo. Naelewa pia kwa nini Bwana Thévenoux, ambaye chupa zake sitini za Corentin zimepangwa kwenye barafu nyuma ya hema, ananiangalia kuliko wengine. Familia ya Thévenoux imeozesha watoto hapa kwa vizazi sita, na haijawahi kutokea upande wa bibi harusi ukakosa cha kumimina. Mimi natoka kaskazini, Hazebrouck, ambako mtoto akizaliwa baba hunywa bia, na mtoto akioa baba hunywa nyingine. Nimeishi miaka thelathini na mitatu katikati ya mizabibu yenu, na mpaka leo mkinitaja mnasema "yule wa bia".

(Sauti kutoka nyuma: "Kwa upendo lakini!")

Kwa upendo, nakubali, na imeandikwa kwenye kumbukumbu.

Sasa nije kwenye upembuzi yakinifu. Perrine alizaliwa Alhamisi tarehe 17 Novemba 1994, saa moja asubuhi, kilo tatu na gramu mia mbili. Saa nne kamili nilikuwa nimetoka hospitali nikiwa na azma ya kumaliza suala la mvinyo kabla ya chakula cha mchana. Na hapo, waheshimiwa, majaliwa yalinisaidia kupita kiasi, kwa sababu siku hiyo kila dirisha la duka mjini lilikuwa na bango, kila mlango ulikuwa na pipa, na watu walikuwa wakinywa barabarani saa nne ya asubuhi huku wakipiga kelele kwamba mvinyo mpya umefika. Nikasema moyoni: nchi nzima inasherehekea mvinyo wa siku aliyozaliwa mwanangu, basi huu ndio wenyewe.

(Bwana Thévenoux anaweka glasi yake chini polepole.)

("Mkwe. Usiniambie ni Beaujolais mpya, ule mvinyo wa miezi sita.")

Chupa kumi na mbili, mheshimiwa.

(Kelele. Mtu anasema: "Mama yangu wee!" Bibi Thévenoux anajipepea kwa kadi ya chakula.)

Naomba utulivu. Uteuzi ulifuata vigezo. Kigezo cha kwanza kilikuwa lebo, na lebo ilikuwa na maua. Kigezo cha pili hakikuhitajika. Ni kweli kwamba mama mwenye duka aliniuliza, "Wa kuweka au wa kunywa, bwana?" nami nikamjibu, "Wa kuweka, mama, miaka thelathini," naye akashika kaunta kwa mikono miwili akasema, "Huu? Huu muunywe kabla ya Pasaka, bwana, ukipita Pasaka muutilie kwenye nyama." Lakini baada ya tathmini ya kina, iliyochukua sekunde nne hivi, nilifikia hitimisho kwamba mama yule alikuwa akiniona mimi mtu wa kuja, na anataka kuwawekea wenyeji mvinyo mzuri.

("Alikuwa anakuokoa, bwana!")

Hilo limebainika baadaye.

Tuingie kwenye uhifadhi, ambako, nasema bila kujisifu zaidi ya inavyohitajika, Kamati ilipata mafanikio ambayo hayajafikiwa na ghala lolote la mtu binafsi katika wilaya yetu. Nilinunua kitabu cha wanaoanza. Kitabu kilisema mvinyo haupendi mwanga. Nikang'oa taa, na kwa miaka thelathini hakuna aliyeingia mle ila kwa kupapasa ukuta, pamoja na mimi Mwenyekiti, niliyevunjika kidole cha mguu mara mbili. Kitabu kilisema mvinyo haupendi kutikisika. Nikaamuru mashine ya kufulia ihamishwe kutoka ghala la chini kwenda chumba cha juu kabisa, na Odile akawa anapandisha nguo chafu ngazi thelathini na nane na kuzishusha zikiwa zimelowa, jambo lililoimarisha sana afya yake.

(Odile: "Endelea tu, Aubin.")

Naendelea. Vilevile nilipiga marufuku kuruka kamba sebuleni.

(Perrine: "Baba, mimi sikuruka kamba mpaka nilipoenda kambi ya shule nikiwa na miaka kumi na miwili! Wenzangu walidhani naumwa miguu!")

Bibi harusi amethibitisha utekelezaji. (Kicheko kirefu.)

Katika suala la joto, nilifunga kipimajoto na nikafungua daftari. Kila siku, saa kumi na mbili jioni, nikitoka ofisini, nilishuka na kuandika nyuzi kwa mwanga wa saa yangu ya mkononi. Tangu siku ile hadi jana nimeandika vipimo elfu kumi na moja, mia moja na hamsini na nane, na siku sita tu hazina kipimo cha kweli, nilipofanyiwa upasuaji wa ngiri, ambapo Odile alinipigia simu hospitali kila jioni kunisomea nyuzi na, kama alivyokiri leo, alizibuni.

Mwaka 2003, kwa nia ya kuboresha miundombinu, niliita fundi amwage saruji juu ya changarawe ya sakafu. Fundi, mzaliwa wa hapa, alikaa kwenye ndoo yake akanitazama. "Bwana Charreyron," akasema, "hiyo changarawe ndiyo inayoleta unyevu. Ukiiziba, vizibo vitakauka." Nikamwambia kwamba mimi ni mtu wa maji, unyevu nisifundishwe. Miezi mitano baadaye nilikuwa nikimwagilia saruji kila Jumapili kwa kopo la bustani, kama mtu anayesubiri iote.

(Bwana Thévenoux amekaa kwenye kiti, mabega yanamtikisika. Mkewe anamuuliza kama analia.)

Nikajenga pia uwezo wa rasilimali watu, yaani mimi. Mwaka 2009 nilihudhuria mafunzo ya wanaoanza, jioni sita, cheti kipo. Jioni ya tatu mwalimu alituambia tunuse na tuseme kwa uhuru. Nilizungusha glasi, nikanusa, nikafumba macho, nikatamka mbele ya darasa zima: ngozi yenye unyevu, mbwa kidogo, na kitu cha msituni. Mwalimu alinusa glasi yangu, kisha akaninusa mimi, akagundua kwamba nilikuwa nimenyeshewa njiani na koti langu ni la ngozi. Glasi ilikuwa haijamiminwa bado. Nilikuwa nimezungusha tone la mwanafunzi wa kabla yangu.

(Kicheko. Padri Ambroise anafuta miwani.)

(Bwana Thévenoux, kwa sauti kubwa: "Sikiliza, mkwe! Siki tumeshawahi kunywa. Haijaua mtu hapa. Mimina hiyo siki, tufumbe macho, tumeze, twende kwenye chupa zangu!")

(Makofi mengi. "Siki! Siki! Siki!")

Nashukuru kwa imani hiyo, na ninaingia sasa katika hitimisho, ambalo limekuwa gumu kuliko lilivyopangwa. Tuseme pamoja kaulimbiu za mradi. Nikisema "Ghala letu", mseme "Fahari yetu". Ghala letu!

("Fahari yetu!")

Giza na utulivu!

("Mvinyo na wokovu!")

Leo chupa, kesho pipa!

("Leo chupa sasa hivi!")

Ahsanteni. Na kwa shukrani: namshukuru mama wa duka, ambaye alisema ukweli na hakusikilizwa. Namshukuru fundi wa saruji, ambaye alisema ukweli na akalipwa ili anyamaze. Namshukuru bosi wangu, aliyekuwa akitupangia vikombe vitano mezani kila Jumatatu, tunaonja maji ya visima vyetu vyote tukiwa tumefumba macho mpaka ulimi ukijue kila kisima kwa jina, kazi ambayo nilidhani haitanisaidia kamwe katika maisha ya mvinyo.

Kwa sababu leo asubuhi, saa moja na dakika kumi, nilishuka na kizibuo nikafungua chupa ya kwanza, ili ipate hewa, kama kitabu kinavyoelekeza. Nikaandika daftarini. Harufu: hakuna. Rangi, baada ya kupanda nayo kwenye mwanga: waridi, kama sharubati iliyozimuliwa sana. Ladha: naijua. Nikaonja tena. Chokaa nyingi, chuma kidogo ncha ya ulimi. Waheshimiwa, kilikuwa Kisima Namba Nne, kile cha Combe Noire, ambacho nilikifunga kwa mkono wangu mwenyewe mwezi Machi 1998. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimetambua chupa kwa mdomo, mahali ilikotoka na umri wake, bila kusoma lebo.

(Mkuu Mstaafu wa Idara ya Maji anasimama bila kujua kwamba amesimama.)

Nikazifungua zote kumi na mbili. Namba Nne zote. Nikapanda jikoni nikiwa na glasi mkononi. Odile alikuwa anapiga pasi gauni la Perrine. Hakugeuka. "Tuliunywa, Aubin," akasema. Nikamuuliza ni nani hao. "Mimi, dada yangu na mkunga. Kati ya Krismasi na Pasaka, kama ulivyotakiwa kunywewa." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. "Nilikuambia wiki ile ile kwamba hautafika mwaka. Ukaniambia niwasilishe kwa maandishi." Nikamuuliza, basi kwa nini kuzijaza maji na sharubati, na kuzirudishia vizibo, na kupandisha nguo ngazi thelathini na nane kwa miaka yote hii? Hapo akaweka pasi chini. Akasema, "Ulikuwa unaogopa kumshika mtoto. Ukitoka ofisini unamtazama tu kitandani, mikono mfukoni, kama mkaguzi. Ila kule chini ulikuwa unashuka naye. Unamkumbatia gizani unamsomea nyuzi. Nilikuwa nakaa juu ya ngazi nasikiliza. Sasa hilo ningekunyang'anya vipi?"



Kwa hiyo, nikiwa Mwenyekiti, Katibu na mjumbe pekee, namshukuru mke wangu kwa kuulinda kwa miaka thelathini mradi ambao haukuwahi kuwepo. Nawashukuru ninyi nyote kwa kuja kuzindua ghala ambalo ndani yake hamjawahi kukaa tone la mvinyo lililoiona Pasaka ya pili. Na nawaomba radhi familia ya Thévenoux, kwa sababu upande wa bibi harusi hauna cha kumimina. Ahsanteni kwa kunisikiliza.

(Perrine anatoa chupa moja, yenye lebo ya maua, kwenye sanduku lililo miguuni pa baba yake, anaitazama kwenye jua. "Kipo," anasema. "Kimetoka upande wangu na ni cha umri wangu. Mimina, Baba." Baba yake anamimina. Perrine anakunywa yote. Kisha anampelekea mkwewe glasi ya pili.)

(Bwana Thévenoux anaizungusha. Anaiinua usawa wa macho. Ananusa, kwa muda mrefu, kwa heshima zote za kazi yake. Anakunywa, anaizungusha mdomoni, anameza. Hadhara nzima inamsubiri.)

("Umehifadhiwa vizuri sana, mkwe," anasema. "Lakini bado mchanga. Mimi ningeuacha miaka kumi zaidi.")