Kahawa Ni Neno Letu

Jumatatu, 4 Juni 1917. Kanoni.
Leo nimetajirika! Mkononi sina kitu bado, lakini nimetajirika. Karani wa yule Mwingereza anayenunua kahawa kaniambia kwamba kwao huiita kofi, na neno lenyewe walilitoa kwa Waarabu. Ni kahawa hiihii ya babu yangu, Mwarabu wa Pangani! Wanatumia neno letu bila hata kuomba. Mzungu anatafuta wakala mmoja tu, atakayemletea kahawa inayomfaa. Othman muuza chumvi naye anautaka uwakala. Othman! Hajui hata neno limetoka wapi.

Jumatano, 6 Juni.
Nimemuuliza karani kofi hasa ni nini. Mti ni kofi, akasema. Tunda kofi, kinywaji kofi, hata rangi ya kitambaa. Kichwa kinaniuma. Sasa bwana wake anataka ipi? Karani akacheka, akaenda zake.

Nimeamua mwenyewe. Hapa Karagwe mgeni wa heshima hapewi kahawa mbichi. Hupewa iliyochemshwa na majani ya harufu, ikakaushwa, atafune. Nitachemsha magunia yote sita. Othman apeleke mbichi, aaibike.

Magunia ni ya mkwe wangu, Mzee Abdallah wa Kibingo, mavuno yake yote ya mwaka. Nilimwambia mke wangu Mwaja asiwe na wasiwasi, neno ni la babu zangu.

"Baba Zuena," akasema, "neno ni la babu zako, magunia ni ya baba yangu. Yakiharibika, narudi Kibingo."

Jumatatu, 11 Juni.
Nimechemsha siku nne. Macho mekundu kwa moshi. Mwaja hasemi nami.

Alhamisi, 14 Juni.
Sielewi. Mzungu alitafuna moja, akatema. Karani akaeleza kwamba iliyochemshwa haiwafai, wanataka iliyokaushwa tu, wakaikaange wenyewe. Nikaeleza asili ya neno. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. Uwakala kapewa Othman. Naye Othman akanipa pole kwa upole kabisa, na hilo ndilo lililoniuma.

Jumapili, 17 Juni.
Mwaja ameondoka na Zuena. Mzee Abdallah alikuja mwenyewe kuwachukua. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba akiyatazama magunia, si mimi. Nimelia kidogo. Natafuna kahawa tangu asubuhi, wala haipungui.

Alasiri karani kapita. Kumbe neno lao la sukari nalo ni la Waarabu! Kesho alfajiri naenda Isingiro. Shemeji yangu, kaka yake Mwaja, ana shamba zuri la miwa.