Vidole Kumi vya Mama Sifael

Sogeeni, enyi wa Mamba juu na enyi wa Maore bondeni, mliouza tangawizi na mliobaki nayo, tueni madumu yenu, mketi, msikie. Nawasimulia habari za Ernesta binti Tumainieli, mama yake Sifael, mshika jembe asiyetetereka, mvuka makorongo na gunia kichwani, siku aliposhuka mlimani na vidole vyake kumi kwenda kupigana na kimashine kisichozidi upana wa kiganja, pale mjini Same, siku ya Ijumaa, tangu saa nne asubuhi hata saa tisa alasiri. Nawe Shengena, mlima uliotuzidi sote kimo, uliyekuwa umefunikwa na ukungu siku hiyo usione kitu, niazime uvumilivu wako tu. Kuona niliona mwenyewe, maana mimi, mtoto wa kaka yake, ndiye niliyembebea mkoba.

Zilikuwako falme mbili za simu. Ufalme wa Njiwa, wa kijani, ulisimika mnara wake juu ya kilima cha kanisa. Ufalme wa Mwangwi, wa zambarau, ulisimika wake ng'ambo ya korongo. Na minara ile ikatazamana miaka kumi na miwili bila kusalimiana. Nasi raia tukagawanyika. Wa Njiwa hakumpigia wa Mwangwi isipokuwa kwa msiba, tena msiba mkubwa.

Kisha falme zile zikaoana. Hatukualikwa. Tuliletewa ujumbe tu, ukatufikia mashambani siku moja na saa moja, ukisema: Ndugu mteja, sasa sisi ni familia moja, huna haja ya kufanya chochote. Watu wa Mamba ni watu watiifu. Tukakaa bila kufanya chochote miezi mitatu, na hakuna aliyekosea.

Mwezi wa nne ukaja ujumbe wa pili, kwa waliokuwa wa Njiwa peke yao: Ndugu mteja, hukufanya uhakiki. Laini yako imesitishwa. Fika dukani na alama za vidole vyako kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, saa kumi jioni, la sivyo namba hii itafutwa na kupewa mteja mwingine.

Walio wengi wakatoa laini zao, wakawapa watoto wachezee, wakanunua nyingine. Mama Sifael hakuweza, na sababu yake iwekwe hapa mapema, msije mkamwona mkaidi.

Sifael, mwanawe wa pekee, aliondoka, huu ni mwaka wa nne sasa, kwenda machimbo ya kusini. Hana simu. Kila Ijumaa atokapo shimoni, kabla ya saa tisa alasiri, huazima simu ya yeyote aliye karibu na kumbipu mama yake: inalia mara mbili, inakatwa. Ndiyo barua yake yote. Maana yake ni moja: nipo. Ukirudisha simu unapokelewa na mtu asiyemjua Sifael, tena anayekuuliza wewe ni nani. Na namba aliyonayo Sifael kichwani ni hiyo moja, aliyokaririshwa jikoni akiwa mdogo, pamoja na Baba Yetu, na namba ndiyo aliyoishika kwanza.

Basi Ijumaa iliyofuata ule ujumbe wa pili, Mama Sifael alikaa na simu mapajani toka saa sita hata kuku wakaingia kulala. Kimya. Hakujua aliyenyamaza ni laini au ni mtoto. Alinyanyuka akaenda kuosha tangawizi iliyokwisha kuoshwa.

Mvua ikakata barabara siku tano. Ya sita bodaboda zikateremka. Siku ya mwisho kabisa ya tangazo tukaondoka alfajiri, tukashuka hadi Maore, tukapata gari la kupitia Kisiwani, na saa nne tulikuwa mlangoni pa duka la Mwangwi, watu ishirini na wawili mbele yetu. Shujaa alikuwa amevaa gauni la kanisani na kitenge kipya, na mikono yake yote miwili, kwa heshima ya mji, alikuwa ameipaka mafuta ya mgando hata ikang'aa. Kumbukeni mafuta hayo.

Mbele yetu kwenye foleni alisimama Mzee Abdulrahmani, mfanyabiashara wa mpunga wa Maore, mwenye kofia ya kudarizi na kikapu cha ndimu, mtu ambaye ulimi wake haukupata kulala njaa.

"Shikamoo mzee," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Na huyu mama, mbona kapendeza hivi? Kaja kuposwa?"

"Nimekuja kuhakikiwa," akajibu Mama Sifael.

"Ni yale yale. Watakugeuza, watakutazama mkono, halafu wakuambie subiri."

Naye alinena unabii. Ilipofika zamu yetu ilikuwa saa sita na nusu. Mlinzi wa lango lile alikuwa binti mmoja jina lake Sharifa, mpole, mchovu, aliyevaa kizibao cha zambarau cha Mwangwi; lakini shingoni ukosi wa kijani ulichungulia, maana chini alikuwa bado na fulana ya Njiwa. Zamani meza zilikuwa mbili. Ya pili ilikuwa imeegemezwa ukutani, miguu juu.

"Shikamoo bibi. Kitambulisho cha taifa unacho? Haya. Weka dole gumba la kulia hapo kwenye kioo."

Likatangulia dole gumba la kulia, jemadari, mvunja tangawizi, lililosugua matope kwenye maji ya baridi miaka thelathini. Likalala juu ya kioo, likateleza kwa mafuta, likaanguka pembeni. Kimashine kikawaka chekundu.

"Bibi, umepaka mafuta?"

"Ningekuja mjini na mikono yenye mipasuko, ungesema nini?"

Sharifa akampa kitambaa. Mzee Abdulrahmani, aliyekwisha kuhudumiwa lakini hakuondoka, maana vita vya mwenzio havina kiingilio, akakata ndimu moja kwa meno akaitoa. "Sugua na hii, mama. Ndimu haimwogopi mtu."

Dole gumba likasafishwa, likarudi uwanjani. Chekundu. Likapanguswa kwa kitenge. Chekundu. Hapo ndipo Sharifa alipougeuza ule mkono kuelekea dirishani, akautazama sana, naye akaona nilichokijua mimi siku zote na sikuwahi kukidhania kuwa ni habari: kidole kile hakikuwa na mistari. Kilikuwa laini kama kijiwe cha mtoni. Tangawizi na mchanga na maji vilikuwa vimekifuta.

"Hebu kingine, bibi."

Kikaingia cha shahada, mpanda mbegu, kikaanguka. Kikaingia cha kati, kirefu kuliko nduguze. Hakikusaidiwa na urefu wake. Cha pete kikawekwa mara nne, na mara ya nne kimashine kilifikiri kwa muda mrefu hata watu wa nyuma wakaacha kuongea, kisha kikakataa vilevile. Kidole kidogo cha kulia kilianguka bila kishindo.

Tukiwa tunahamia mkono wa kushoto, mtandao ukakatika. Ndani ya duka la mtandao, mtandao haukuwako. Sharifa akatueleza kwamba mitambo ya falme mbili ilikuwa bado inajifunza kuishi nyumba moja. Hakuna aliyeshangaa, wengi wetu tulikuwa tumepata kuolewa au kuona walioolewa. Saa nzima tukakaa. Mama Sifael alikuwa anatazama saa ya ukutani, na mimi nilikuwa namtazama yeye, na kila mshale mkubwa ulipohama, midomo yake ilihama kidogo.

"Kwani una haraka ya wapi?" akauliza Mzee Abdulrahmani.

"Saa tisa nina mgeni."

"Wapi? Hapa?"

"Humo." Akaionyesha simu. Kisha akamweleza kwa maneno machache, kama mtu anayeeleza njia. Mzee yule akaweka kikapu chake chini, na tangu hapo hakutania tena, ila mara moja.

Saa nane na robo mtandao ukarudi. Vidole vya kushoto vikaingia kimoja kimoja, dole gumba, cha shahada, cha kati, cha pete, na uwanja ukawa mwekundu. Sharifa akaegemea kiti.

"Bibi, pole. Vimeisha. Laini itabidi uache tu, nikupe mpya leo leo."

Hapo Mama Sifael akasimama. Alisimama taratibu, kwa sababu ya goti, na duka zima likamtazama, naye akanena:

"Mjukuu wangu. Mimi sikuolewa na Mwangwi. Nilikuwa kwa Njiwa, nimetulia, Njiwa akaenda kuolewa, nami nikaletwa humu kama mbuzi wa mahari. Sikatai. Mbuzi hakatai. Lakini mbuzi wa mahari anahesabiwa kichwa. Hakuna ukoo Upareni unaomgeuza kwato kwanza kumwuliza kama ni yeye. Namba mpya sitaki. Mtoto wangu haijui."

Sharifa akainamisha uso. "Bibi, na mimi nimeletwa hivyo hivyo," akasema, akauvuta ule ukosi wa kijani watu wauone. "Mwisho wa mwezi ndiyo nitajua kama wananitaka. Lakini hiki hakinisikilizi, kinasikiliza vidole."

Nilikuwa nimehesabu. Nimezoea kuhesabu, mtu asiyeongea sana hufanya nini? Nilihesabu tisa.

"Shangazi," nikasema, "na kile?"

Akanikazia macho. Mkono wa kushoto ukaingia ndani ya kitenge.

Mjue kwamba kidole chake kidogo cha kushoto kilivunjwa na kamba ya mbuzi alipokuwa msichana, kikaunga vibaya, na tangu siku ile kimesimama kando ya wenzake. Hakikushika jembe. Hakikusugua tangawizi. Mama mkwe wake, siku za uhai wake, alikiita Mgeni, na alipotaka kumsema mvivu mbele za watu alisema: huyo naye ni kama kidole cha Ernesta. Miaka arobaini shujaa wetu amekificha. Hata kanisani hukunja ngumi.

"Hicho hakifai," akasema. "Hakijawahi kufanya kazi."

Mzee Abdulrahmani akakohoa. "Mama, hapa ndipo hasa pa asiyefanya kazi. Kitoe."

Ilikuwa saa nane na dakika arobaini na nane.

Kikatoka. Kilikuwa chembamba, kimepinda, na ngozi yake ilikuwa ya msichana. Lakini hakikuweza kulala juu ya kioo. Kilisimama ubavu, kama mtu aliyekataa kukaa kwenye mkeka. Basi Sharifa akafanya jambo ambalo sijalisikia katika habari za vita vyovyote. Akakinyanyua kimashine toka mezani, akakigeuza, akakipeleka chini ya kidole. Na mwenye nguvu akainama kwa aliyepinda.

Kikafikiri. Kikafikiri tena. Kikawaka kijani, rangi ile ile ya marehemu Njiwa.

"Imekubali," akasema Sharifa, kwa sauti ndogo, kama anayeogopa kuiamsha.

Simu ikaanza kutetemeka mkononi mwa Mama Sifael. Ndugu mteja, karibu katika familia. Ndugu mteja, chagua wimbo umfurahishe anayekupigia. Ndugu mteja, karibu katika familia. Jumbe kumi na moja ziliingia, nikazisoma zote kwa sauti kwa kuwa aliniamuru, na wa kumi na moja ulipokwisha hapakuwa na kitu. Saa tisa kasoro dakika tatu. Saa tisa kasoro mbili. Hakuna aliyeita "wa nyuma apite". Sharifa hakumwita, na wa nyuma hakujisukuma.

Ikalia.

"Pokea basi, mama," akanong'ona Mzee Abdulrahmani.

"Haipokelewi hii," akasema. "Hii ni ya kusikia."

Ikalia mara ya pili. Ikakatika.

Mama Sifael akaishusha simu mapajani. Akavuta pumzi ya wiki mbili. Kisha akamgeukia yule mzee, akamwambia kwamba ndimu zake ni kali kweli, na kama atapita Mamba asiache kuulizia kwake.

Basi iandikwe, mkiwa na mahali pa kuandikia, kwamba mwaka wa arusi ya falme mbili, siku ya mwisho, zikiwa zimebaki dakika chache saa tisa kutimia, tisa walianguka na wa kumi akasimama, naye hakuwa jemadari wala mpanda mbegu, alikuwa Mgeni. Tulipokuwa tukipanda mlima na bodaboda jioni ile, ukungu umeshuka hadi barabarani, nilimwona Ernesta binti Tumainieli akishika chuma cha nyuma kwa mkono wa kulia. Wa kushoto alikuwa ameuweka kifuani, na kidole kile kimoja alikuwa amekifunga kwenye ncha ya kitenge, kwa fundo, pale wanawake wengine wafungapo noti, kisije kikapata baridi.